Kero za Lugha Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandaliwa na wahariri wa maandishi ya kila siku: mabango ya maduka, kadi za mialiko, matangazo ya gari la spika, hati za mauziano na barua za maombi ya kazi. Maswali ni yale yanayorudi kila wiki kutoka Nyakato, Igoma, Kirumba, Nyegezi na visiwa vya ziwani. Msimamo wetu ni mmoja: kosa tunalipima kwa hasara linayoleta. Lafudhi haimpotezei mtu pesa. Bango lililoandikwa vibaya linampotezea.

Kwa nini watu wengi wa huku hubadilishana R na L?

Kisukuma kina L, lakini hakina R inayotofautisha neno moja na jingine. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma hakuwahi kuhitaji kuzitenga sauti hizo mbili, kwa hiyo sikio lake linazipokea kama sauti moja. Akiingia kwenye Kiswahili anasema "habali" na "balabala", na yeye mwenyewe hasikii tofauti. Hilo si uvivu, wala si kukosa shule.

Katika mazungumzo, waache watu waseme. Anayesema "kalibu chakula" ameeleweka, na kumkatiza ni utovu wa adabu. Kwenye maandishi hali ni nyingine, kwa sababu yapo maneno ambayo herufi hiyo moja inabeba maana nzima. Kula ni kutia chakula kinywani, kura inatiwa kwenye sanduku. Kalamu huandika, karamu huliwa. Mahali ni sehemu, mahari hulipwa kwa wakwe. Hali ni namna mtu alivyo, hari ni joto la mwili. Fahali ni dume la ng'ombe, fahari ni kujivunia. Kadi inayosema "mnakaribishwa kwenye kalamu ya kumpongeza binti yetu" itasomwa kwa sauti katika kila nyumba inakofika.

Nitajuaje kama ni R au L, ikiwa sikio halinisaidii?

Anza na kanuni hii, maana inamaliza sehemu kubwa ya kazi: viambishi vya Kiswahili havina R. Alama za wakati, za ngeli na za urejeshi zinatumia L tu. "Ali-", "nili-", "tuli-", "lile", "la", "hilo", "aliye", "lililo": zote ni L, bila kubahatisha. Hata viendelezi vya kitenzi ni hivyo hivyo. Nunua inazaa nunulia, fungua inazaa funguliwa, ondoa inazaa ondolea. Ukiona "arinunuria", sahihisha R zote mbili bila kufungua kamusi.

Kwa hiyo R inaweza kukaa kwenye mzizi wa neno peke yake. Katika "alirudi", "-li-" ni wakati na "rudi" ni mzizi. Mizizi ndiyo ya kukariri, na inayotumika sana kwenye mabango haizidi kurasa mbili za daftari: barabara, karibu, bora, rahisi, biashara, risiti, jirani, harusi, shamba la kurithi, mkurugenzi, tairi. Ziandike upande mmoja. Upande wa pili weka zile ambazo watu huziharibu kwa kuogopa: hospitali, asali, asili, mali, halali, tofali, halmashauri.

Huo upande wa pili una sababu yake. Mtu aliyechekwa mara kadhaa kwa kusema "kalibu" huanza kutia R kila mahali ili awe salama, na matokeo yake ni "hospitari" na "mari asiri". Kumcheka mtu huzalisha kosa la pili juu ya la kwanza. Orodha ya maneno inasaidia zaidi.

"Duka la thamani" lina kosa gani?

Thamani ni kiasi ambacho kitu kinastahili. Vitanda, makochi na makabati ni samani. Kosa hili linatokana na hofu ileile: mtu ameshaambiwa kwamba "samani ya pesa" si sawa, basi anageuza kila "sa" kuwa "tha".

Herufi dh, th na gh zimeingia kwenye Kiswahili karibu zote pamoja na maneno ya Kiarabu: dhahabu, dhamana, fedha, thamani, theluthi, ghala, ghali, lugha. Maneno ya asili ya Kibantu, kama zaa, zama, sema, soma, ganda, hayana. Lakini usigeuze kanuni hiyo kichwa chini, kwa sababu yapo maneno mengi ya Kiarabu yenye z na s za kawaida, mfano zawadi, saa na safari. Ukiwa na shaka, fungua kamusi. Kwa ukanda wetu neno la kuangalia kwanza ni dhahabu, kwa jinsi linavyoandikwa sana kati ya hapa na Geita: "wanunuzi wa zahabu" kwenye bango la watu wanaopima kwa gramu huondoa imani ya mteja kabla hajaingia.

Tunakodi au tunakodisha?

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote tunayoyaona. Mwenye viti na maturubai *anakodisha*. Mwenye harusi *anakodi*. Mwenye nyumba *anapangisha*; mpangaji *anapanga*. Mwenye fedha *anakopesha*, mhitaji *anakopa*. Kiendelezi "-sha" kinamhamisha mtendaji: anayetoa ndiye anayebeba "-sha".

Bango la "Tunakodi maturubai, viti na sahani" linasema kwamba nyinyi ndio mnaotafuta wa kuwapa. Wengi wataelewa kwa kuona turubai limetandikwa nje. Tangazo likisomwa redioni au likitumwa kwenye simu, turubai halionekani, na hapo ndipo mnapopigiwa na watu wanaotaka kuwakodishia vitu. "Nyumba inapangwa" ni vivyo hivyo. Sahihi ni "Nyumba inapangishwa". Na kwenye mkataba, andika wazi mpangishaji ni nani na mpangaji ni nani katika mstari wa kwanza, kwa majina kamili. Mkataba uliochanganya maneno hayo mawili unaweza kumfanya mwenye nyumba aonekane ndiye anayedaiwa kodi.

Kuazima kunafaa kwa kitu kinachorudi chenyewe: jembe, ngazi, chaja. Sukari haiazimwi, hukopwa, kwani inayorudi ni nyingine. Tofauti hii tunaipenda sana, ila haina hasara kwa mtu, basi hatumsumbui nayo yeyote.

Dagaa hawa au dagaa hizi?

Sarufi inasema kiumbe hai huchukua upatanisho wa a-/wa-, hata akiwa mezani: samaki huyu ameiva, sato hawa ni wabichi, dagaa hawa wamekauka. Ukienda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la ufukweni, utasikia "dagaa hizi zimekauka vizuri". Mantiki yake ipo. Sato huhesabiwa mmoja mmoja, dagaa hupimwa kwa sado, debe na gunia. Mnunuzi hamwoni dagaa mmoja, anaona mzigo, na mzigo unaambatana na hizi na zile kama ilivyo kwa mbegu au karanga.

Ushauri wetu: kwenye ripoti, barua ya mkopo au kitabu cha shule, andika "dagaa hawa". Kwenye karatasi ya bei juu ya turubai la dagaa, ondoa tatizo kabisa kwa kuandika jina, kipimo na bei: "Dagaa wa Ukerewe, sado moja sh …". Ukiandika "sado" taja na ujazo wake au weka mzani pembeni, maana ndoo za sado huingizwa tako kwa ndani na ugomvi unaofuata si wa sarufi. Furu, sangara na kamongo hawana utata: hawa, wale, wote.

Na kayabo? Ni sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, lakini sokoni ni bidhaa: "kayabo hii". Mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa, pia: "mapanki haya". Hapo tunafuata soko bila kusita.

Saa za kufungua ziandikweje?

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hivyo saa 2 asubuhi kwetu ni 08:00 kwenye simu. Mkanganyiko huwapata zaidi wageni na watu wanaokata tiketi za meli, mabasi ya usiku na ndege, kwa sababu tiketi nyingi huchapishwa kwa mtindo wa saa 24. Tiketi ikiandikwa 03:00 na abiria akasikia "saa tatu usiku", amewahi kwa saa sita au amechelewa kwa saa kumi na nane.

Andika zote mbili kwenye mstari mmoja: "Saa 3:00 usiku (21:00)". Usiache neno la majira. "Saa 3:00" peke yake haitoshi. Hesabu ni kuongeza au kupunguza sita, na kwa nyakati za mchana kumbuka kwamba saa 8 mchana ni 14:00. Ikiwa nafasi ni ndogo, bakiza majira na ufute neno "kuanzia".

Kuhusu "masaa": kamusi inataka "saa", yaani saa mbili, saa tano. "Masaa 24" limeenea mno kwenye mabango ya maduka ya dawa na vituo vya mafuta. Sisi huandika "saa 24" na hatumlaumu aliyeandika vingine.

Vipi "madawa"?

Dawa ni dawa, moja au elfu. Hata mamlaka ya nchi inayopambana nazo imeandikwa "Dawa za Kulevya". Hilo linatosha.

Kwa nini mnasisitiza sana kuhusu tarakimu na maneno ya pesa?

Kwa sababu mazungumzo ya pesa hukatwa. "Laki mbili na hamsini" ikisemwa sokoni kila mtu anasikia 250,000. Ikiandikwa kwenye hati, inasomeka 200,050. "Mbili na nusu" inaweza kuwa 2,500 kwa muuza nyanya, 250,000 kwa fundi, na milioni mbili na laki tano kwa dalali wa kiwanja cha Kisesa. "Elfu mia mbili na tano" nayo inasomeka kwa njia mbili, 205,000 na 200,005.

Andika tarakimu kwanza, kisha maneno yenye kutaja kila daraja: "Sh250,000, shilingi laki mbili na elfu hamsini tu". Neno "tu" mwishoni huziba nafasi ya kuongezewa kitu. Usiache pengo kati ya "Sh" na tarakimu ya kwanza, kwani pengo hilo huingia "1" vizuri kabisa. Jero kwa 500, buku kwa 1,000 na msimbazi kwa 10,000 ni maneno mazuri ya mdomoni. Hela pia ni neno zuri, na lina umri: limetokana na sarafu ya heller iliyoanza kutumika hapa wakati wa Wajerumani mwaka 1904. Kwenye mkataba, tumia shilingi.

Je, "nipe" ni neno la ukali?

Kwa masikio ya huku, ndiyo, mara nyingi. Dukani husemwa "naomba chumvi ya mia tano" au "nisaidie vocha ya buku", ingawa kila mtu anajua unalipa. Jirani anayetoka upande wa Kisumu au aliyezoea Sirari, mpakani na Kenya, atasema "nipe" au "niko na elfu tano" bila ubaya wowote. Ndivyo Kiswahili chao kilivyo. Asimkasirikie muuzaji akinuna, na muuzaji asidhani amedharauliwa.

Mpangilio ni muhimu kuliko neno lenyewe: salamu kwanza, bei baadaye. "Shikamoo mama" kwa aliyekuzidi umri wa kutosha kukuzaa, "za asubuhi dada" kwa rika, kisha "naomba sato wawili wa kukaanga". Anayeanza na "sato bei gani?" hupewa bei ya mtu asiyejulikana. Watu wakiwa wengi, "shikamooni" moja inawatosha wote.

Si Msukuma. Naweza kusema "mwangaluka"?

Unaweza, na utapokelewa vizuri. Ni salamu ya asubuhi. Mchana na jioni ni "mwadila", na shukrani ni "wabeja". Kosa la kawaida ni kuitumia kwa kuigiza lafudhi, kwa sauti ya kuchekesha. Hapo imeshaacha kuwa salamu. Jina la "Ngosha", wanaloitwa wanaume wa Kisukuma, nalo liko hivyo: kati ya marafiki halina neno, ila kumwita hivyo mteja au mgonjwa usiyemfahamu, kwa kukisia kabila lake, huudhi. Muulize jina.

Jina langu lina Ng'. Kwa nini linaandikwa tofauti kila mahali?

Ng'ombe na ngombe havitamkwi sawa. Ile alama ya juu ndiyo inayoonyesha kwamba G haisikiki peke yake. Majina ya Kisukuma yana Ng', Ng'h, Nh, Mh na Bh, na kila moja ni sauti halisi. Hata Mwanza wenyeji huitamka Ng'wanza.

Tatizo huanza kwenye mashine. Baadhi ya fomu za kompyuta hukataa alama hiyo, nyingine huigeuza kuwa alama ya kufungua nukuu, na karani aliyechoka huiacha. Baada ya miaka kumi, cheti cha kuzaliwa kina Ng'wandu, cheti cha shule Ngwandu, na kadi ya benki Nghwandu. Fanya hivi mapema: chagua mwandiko mmoja, ulio kwenye hati yako ya kwanza, uandike kwa herufi kubwa kwenye kila fomu, soma tena kabla ya kutia saini, na ukipewa hati yenye kosa, irudishe siku hiyohiyo kabla haijazaa nyingine. Tofauti ikiwa imeshaingia kwenye vyeti, kawaida utatakiwa kuapa kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kwenye simu, bonyeza kwa muda mrefu kitufe cha nukta au mkato na mara nyingi alama itatokea. Tumia ileile iliyonyooka kila mara.

Kero zenu za Kiswahili cha ofisini ni zipi?

"Aidha" inayotumiwa kama "ama". Aidha maana yake ni "pia, zaidi ya hayo". Barua inayosema "aidha ulipe au uhame" imekosea. Andika "ama ulipe au uhame". Kuna "ambaye aliyekuja": chagua moja, "ambaye alikuja" au "aliyekuja". "Katika sokoni" ni mzigo mara mbili, kwa kuwa "-ni" imeshafanya kazi ya "katika". Na "kiukweli" mwanzoni mwa kila sentensi humfanya msikilizaji ajiulize sentensi zilizopita zilikuwa za namna gani.

Lakini kinachotusumbua zaidi ni makatazo ya "Ni marufuku usitupe taka hapa". Marufuku imeshakataza. Ukiongeza "usitupe" umekataza kutokutupa, yaani umeamuru watu watupe. Andika "Usitupe taka hapa" au "Ni marufuku kutupa taka hapa". Kwenye kingo za Mto Mirongo maandishi haya yana kazi ya kweli, yastahili kuandikwa sawasawa.

"Ningejua" au "ningalijua"?

Zote mbili. Ila zisichanganywe ndani ya sentensi moja: "ningejua ningekuja", "ningalijua ningalikuja". Ya kwanza inaacha mlango wazi kidogo, ya pili inasema jambo limeshapita. Kukanusha, "nisingekuja" ni rahisi kusomeka kuliko "singekuja".

Mkiambiwa mfute kosa moja tu kwenye mabango yote ya jiji, mngefuta lipi?

Kukodi lililoandikwa badala ya kukodisha. R na L tungeziacha hadi mwisho wa orodha, nje ya yale maneno machache yanayobadilika maana.

Na mngechagua mtoto aanze na Kisukuma au Kiswahili?

Kisukuma, au Kikerewe, au Kijita, au yoyote ambayo mzazi anaimudu vizuri. Kiswahili mtoto wa Mwanza atakipata tu: mtaani, kanisani au msikitini, na shule ya msingi ambako ndicho lugha ya kufundishia. Lugha ya bibi haina mahali pengine pa kupatikana. Mpeleke kijijini Kwimba au Magu wakati wa likizo na umwache aagizwe maji kwa lugha hiyo.

Ziwa Victoria au Ziwa Nyanza?

Jina la malkia wa Uingereza lilitolewa na John Hanning Speke aliyefika ukingo huu Agosti 1858. Nyanza lilikuwepo, na bado lipo kwenye vyama vya ushirika na majina ya mitaa. Kwenye anwani na ramani andika Ziwa Victoria ili barua ifike. Kwenye maandishi yako mwenyewe, Nyanza ni jina zuri na sisi tunalipenda zaidi.

Nani aliyeamua Kiswahili sanifu kiweje?

Lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi mwaka 1928, na kamati ya kuisanifisha ikaundwa 1930. Leo msimamizi upande wa Bara ni Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoanzishwa mwaka 1967. Hakuna mkazi wa kanda ya ziwa aliyezaliwa nacho, wote tunajifunza.

Nikague vipi bango kabla halijachorwa?

Liandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa sababu fundi atanakili kile ulichompa, pamoja na kosa lake. Mpe mtu ambaye hakuliandika alisome kwa sauti. Aliyeliandika husoma alichokusudia. Kisha pitia kitenzi na umuulize swali moja: nani anatoa, nani anapokea? Pitia R na L za mizizi, kisha nambari ya simu, tarakimu moja moja kutoka mwisho kwenda mwanzo. Tia saini kwenye karatasi hiyo, piga picha, mwachie fundi nakala. Kosa likitokea, mtajua ni la nani na nani analipa rangi.

Limeshachorwa na lina kosa. Sasa?

Kama ni rangi ya mafuta juu ya bati, herufi moja hufutwa kwa msasa laini, hupakwa rangi ya chini mara mbili, huachwa ikauke hadi kesho yake, kisha huandikwa upya. Usiandike juu ya rangi mbichi, itavuja. Kama ni bango la kuchapisha la plastiki, agiza kipande kidogo chenye neno zima, si herufi moja, na ukibandike juu; herufi moja hutofautiana rangi na huonekana toka mbali. Kwa "-sha" iliyokosekana mara nyingi nafasi haitoshi, hivyo badilisha kitenzi chote: ondoa "Tunakodi", weka "Kodi hapa", na maneno mengine yabaki pale pale.